Njiwa Chini ya Boneti

Pumzi ikikosa njia huvunja mbavu.

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia bibi harusi maneno hayo asubuhi, na sasa mmekuja kuuliza yametoka wapi. Mmedhani ni maneno ya mababu, ya zamani za mikuki na ngoma za vita. Sivyo, wanangu. Hii ni methali changa. Ilizaliwa kwenye injini, na mahali ilipozaliwa pananuka oili mpaka leo. Kaeni vizuri. Habari yake inaanzia kwenye kikombe cha chai.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Kilikuwa kimewekwa juu ya betri ya gari, boneti ikiwa wazi na injini ikinguruma. Mboni alikuwa akikitazama. Kila dereva alipokanyaga mafuta na kuachia, chai ilitetemeka, jambo ambalo si ajabu. Lakini baada ya kutulia ilitetemeka tena, mara ya pili, kidogo tu, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Watu walikuwa wanapiga makofi na kucheka. Hakuna mwingine aliyeiona chai ile.

Kwanza mjue Mboni alikuwa nani.

Gereji ya Mzee Kaniki ilikuwa juu kabisa ya mji, pale lami inapokwisha na barabara ya mashamba ya kabichi inapoanza. Ukungu wa Usambara huko hauji na kuondoka kama mgeni. Unakaa. Asubuhi uliingia gerejini bila kupiga hodi, ukapita katikati ya magari yaliyoinuliwa juu ya magogo, ukashuka ndani ya shimo la kukagulia na kulala humo hadi saa nne. Mtu akiwa shimoni aliweza kusikia spana ikianguka asijue imeanguka upande gani.

Mboni aliupenda ukungu huo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na alikuwa fundi kamili, mwenye ovaroli yake na kabati lake la vifaa. Shule aliishia darasa la tano. Herufi nyingi alizisahau, lakini masikio yake hayakusahau kitu. Tatizo lake lilikuwa moja, alikuwa hasemi. Wateja wengine walimaliza mwaka mzima wakidhani ni bubu. Akisalimiwa alijibu kwa kuinamisha kichwa, na akiulizwa gari lina nini alikionyesha kwa kidole.

Mzee Kaniki alimpa kazi zote za hewa: mipira, mabomba, vichujio, turbo, kila kitu kinachovuta na kupuliza.

"Vyuma nitafunga mimi," alikuwa akiwaambia wateja. "Hewa nampa Mboni. Wanaelewana. Wote wawili hawana kelele."

Na kweli walielewana. Kwa Mboni injini haikuwa mashine. Ilikuwa kama mtu aliyelala chumba cha pili, ambaye ukitulia unasikia anavyopumua. Alikuwa akilala chali shimoni, ukungu ukiwa juu ya kifua chake kama shuka, na kusikiliza pumzi hiyo ikiingia na kutoka mpaka asijue ipi ni ya gari na ipi ni yake.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja akiitwa Zuberi Shemdoe. Kwa miaka minane aliendesha lori la kabichi kwenda bondeni, na katika miaka hiyo minane hakuwa na ndoto nyingine ila gari la mbio. Mwishowe akalipata, la zamani, la milango miwili, fupi kama chura, lenye rangi ya zambarau iliyoiva. Lilikuwa na turbo. Kila mwaka, mvua za masika zikishakatika, vijana wa wakati huo walifanya mashindano ya kupanda mlima, kutoka bondeni mpaka kwetu juu, kona juu ya kona. Zuberi alishashiriki mara mbili, na mara zote mbili alifika wa mwisho. Alisema hadharani kwamba mwaka huu asipopanda vizuri atauza gari, arudi kwenye kabichi na wala asilitaje tena jambo hilo.

Turbo ni nini? Asiyeijua turbo hataielewa methali, kwa hiyo sikilizeni. Ni feni ndogo, inaenea kiganjani. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha, nayo huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani, ili moto wa injini uwake kwa nguvu. Ndiyo inayolifanya gari dogo lipande mlima kama limeitwa na mama yake. Lakini dereva akifika kwenye kona huinua mguu. Hapo injini hufunga mlango wake. Ile hewa iliyokuwa inakuja mbio inakuta pamefungwa. Iende wapi? Basi pembeni pana valvu, kijimlango kidogo. Hufunguka, hewa ikazunguka polepole na kurudi ilikotoka, feni ikaendelea kuzunguka kwa raha zake mpaka dereva akanyage tena.

Valvu ya gari la Zuberi ilikuwa ya plastiki, na ndani yake mlikuwa na ngozi nyembamba ya mpira. Ngozi ile ilikuwa imechanika. Mlimani hewa ilivuja hapo, na gari likachoka katikati ya mwinuko kama mtu aliyebeba gunia. Ni Mboni aliyeligundua hilo. Alimwonyesha Zuberi ule mpasuko kwa ukucha, bila neno, na Zuberi akaagiza valvu mpya kutoka mbali. Ilipofika ilikuwa kitu cha kupendeza: shaba tupu, ndani ina pistoni laini kama shanga, juu ina springi, na juu ya springi skrubu ya kukazia au kulegezea.

Siku ya kuifunga, Mboni aliingia shimoni mapema, ukungu ukiwa bado umelala. Boliti tatu. Akatoa ile kuukuu, akafuta uso wa chuma kwa kitambaa mpaka ukang'aa, akaweka pete ya mpira, akaipachika ya shaba. Akaunganisha kichwani mwake kimpira chembamba, ambacho kwacho injini hufyonza ili kukifungua kijimlango. Kisha akairegeza skrubu, akaikaza kidogo, akairegeza tena, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kichwa kwenye mto. Alipopapata alijua amepapata.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake, ikiitwa chai ya boneti. Kazi ikiisha, injini inawashwa, na boneti haifungwi mpaka fundi aliyefanya kazi amalize kikombe kimoja cha chai, amesimama hapo hapo, na watu wote wamenyamaza. Ndiyo ilikuwa namna yao ya kusikiliza. Mzee Kaniki alisema chai ya moto haiwezi kuharakishwa, kwa hiyo na masikio hayataharakishwa.

Wakawasha. Mboni akapewa chai. Zuberi akakanyaga mafuta, akaachia.

*Fyuu.* Kidogo tu. Kama mtu aliyetua mzigo.

Mboni alitabasamu ndani ya kikombe. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzifunga.

"Ndiyo hiyo tu?" Zuberi akauliza.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mchomeleaji mageti, Hoza, mtu wa maneno mengi. Alikuwa amevuka na miwani yake myeusi kichwani aje kuona. "Kaka," akasema, "umefungiwa valvu au umefungiwa pumu?"

Watu wakaangua kicheko.

"Yale magari ya bondeni hayapumui hivyo," Hoza akaendelea. "Yanalia kama njiwa. Tu-tu-tu-tu-tu! Likifika kwenye kona, kuku wanakimbia, wakwe wanatoka nje. Hili la kwako litaamsha nani?"

Wakati ule, mjue, vijana wote wa mlimani waliitamani sauti ya njiwa. Waliamini ndiyo alama ya turbo yenye nguvu. Mtu aliyekuwa na njiwa chini ya boneti alisalimiwa kabla hajashuka.

Zuberi akaona haya. Akamgeukia Mboni. "Fundi, hebu ikaze kidogo hiyo springi."

Mboni akamtazama Mzee Kaniki. Mzee akakuna kidevu. Aliwaheshimu sana wateja, na watu walikuwa wengi. "Gari ni lake," akasema. "Mteja kasema kaza. Kaza, mwanangu."

Mboni akaweka kikombe juu ya betri, akachukua bisibisi, akakaza mzunguko mmoja. Ile *fyuu* ikawa fupi.

"Tena!"

Wa pili. Ikawa kama mtu anayebanwa na kikohozi.

"Mpaka mwisho, dada, mbona unaionea huruma?" Hoza akasema.

Akakaza mpaka skrubu ikakataa. Zuberi akakanyaga, akaachia, na chini ya boneti kukatokea njiwa. *Tu-tu-tu-tu-tu.* Alilia vizuri, wanangu, lazima niseme kweli. Alilia kama njiwa halisi aliye juu ya bati asubuhi. Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo Mboni alipoiona chai ikitetemeka mara ya pili.

Alielewa papo hapo. Kijimlango kilikuwa hakifunguki tena. Hewa ilifika mbio, ikakuta mlango mkubwa umefungwa na mdogo umefungwa, ikageuka na kuipiga feni usoni. Ule haukuwa wimbo. Zilikuwa ngumi.

Mzee Kaniki aliuona uso wake. "Una neno, Mboni?"

Neno alikuwa nalo. *Hewa inarudi nyuma, inaipiga feni.* Maneno matano. Yalipanda mpaka kooni yakapanga mstari. Akawatazama watu, meno yao, mikono yao iliyokuwa bado inapiga makofi.

"Hapana, Mzee," akasema.

Ile chai akainywa Hoza, huku akiongea. Boneti ikafungwa.

Basi njiwa akaanza kusikika milimani. Asubuhi Zuberi alipokuwa akifanya mazoezi, wanawake waliokuwa wakipalilia kabichi kwenye matuta walinyoosha migongo wakasema, "Njiwa wa Zuberi huyo, anapita Kona ya Kisima." Watoto walimwigiza njiani. Ukungu uliichukua sauti ile ukaipeleka mbali kuliko gari lenyewe, ikawa inatokea mahali pasipo na barabara, juu ya msitu, ndani ya bonde, nyuma ya kanisa. Watu waliipenda kama wanavyoupenda mwezi.

Mboni alipoisikia aliacha kazi, bisibisi ikabaki hewani. Alihesabu. Njiwa alilia mara tano kwa kila kona. Baada ya siku nne ikawa mara sita, na katika sauti mlikuwa na mchanga. Baada ya siku saba, nyuma ya wimbo, mlikuwa na mluzi mwembamba sana, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo. Watu hawakuusikia. Yeye hakusikia kingine.

Akawa anaota ndoto moja. Yumo ndani ya nyumba ya udongo isiyo na mlango wala dirisha, na humo ndani kuna mtu mwingine asiyeonekana, anapumua. Nyumba inajaa pumzi. Kuta zinaanza kutoa matumbo kama gunia. Mboni anajua kwamba akisema neno moja mlango utatokea, lakini kila akifungua kinywa, pumzi ya yule mtu inamwingia yeye.

Asubuhi moja akaamua. Njia nzima kutoka nyumbani alitembea akiyapanga maneno yake matano, moja kwa kila hatua. Akamkuta Zuberi mlangoni pa gereji, ameegemea gari.

"Fundi wangu!" Zuberi akasema kwa furaha. "Njiwa anakusalimu."

"Hajambo?" Mboni akajibu.

Ndiyo hilo tu lililotoka. Akaingia ndani, akakaa shimoni, akajipiga paji la uso kwa kiganja.

Siku mbili kabla ya mashindano Zuberi alikuja tena. "Dada Mboni, leo napanda mara ya mwisho kwa majaribio. Twende wote. Wewe ndiye uliyenifungia, hujawahi kumsikia njiwa ukiwa kitini."

Mboni alikubali upesi mpaka Mzee Kaniki akashangaa. Yeye alijiambia: garini tutakuwa wawili tu. Hakuna Hoza, hakuna makofi. Humo nitasema.

Wakashuka bondeni, wakageuza, wakaanza kupanda. Chini kulikuwa na jua. Kona ya tano wakaingia katika ukungu, na dunia ikaondoka. Ilibaki kioo cha mbele, na mbele ya kioo weupe, na ndani ya weupe miti iliyotokea mmoja mmoja ikainama na kupotea. Gari halikuonekana kama linakwenda. Ilionekana mlima ndio unaoshuka, taratibu, ukiwapita mabegani. Zuberi aliendesha vizuri. Mboni aliona jambo hilo kwa mshangao: mguu wake ulikuwa mwepesi, mkono wake mtulivu, alizijua kona kama mtu anavyozijua ngazi za kwao gizani.

*Tu-tu-tu-tu-tu-tu.*

"Unamsikia?" Zuberi akasema. "Mwaka huu sifiki wa mwisho, dada. Hata nikifika wa tatu, silaumu. Nitamchukua mama yangu nimpandishe mpaka juu, amekaa hapo ulipokaa."

Kona ijayo nitasema, Mboni aliwaza. Kona ikapita. Basi, kona ile yenye mnara wa maji. Mnara ukatokea kama jitu lililosimama majini, ukapotea. Mluzi sasa ulikuwa haujifichi. Ulikuwa umekaa kati yao kama abiria wa tatu.

"Kaka Zuberi."

"Naam, fundi."

Maneno yote matano yalikuwa mdomoni. Aliyaonja.

"Ukungu ni mwingi," akasema.

"Ndio utamu wake!" Zuberi akacheka, akainua mguu kwa ajili ya kona.

Njiwa alilia mara moja tu. Kisha kukasikika kitu kama kijiko kilichoangukia ndani ya feni, mlio mkali, halafu kimya. Nyuma yao moshi wa buluu ukamwagika ndani ya ukungu mweupe, mwingi, unanuka oili inayoungua. Gari likaishiwa nguvu katikati ya kona. Zuberi alipigana na usukani, akaliegemeza kwenye ukuta wa udongo, likajikwaruza, likasimama. Upande wa pili, hatua mbili kutoka kwenye gurudumu, hapakuwa na barabara. Palikuwa na weupe tu, na chini yake mbali sauti ya mto.

Zuberi akavuta breki ya mkono.

"Umeumia?" Zuberi akauliza.

Mboni akatikisa kichwa.

"Ni mguu wangu," Zuberi akasema polepole. "Mzee huniambia kila siku, mguu wangu mzito, wa lori. Nimeiua turbo kwa mguu. Na ningekuua na wewe."

Mboni alimtazama. Alifungua kinywa, na pumzi ikamwingia.

Kesho yake turbo ilikuwa mezani kwa Mzee Kaniki, imefunguliwa. Mapanga ya feni yalikuwa yamevunjika, yamebaki vijiti vilivyopinda, kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa. Pembeni ilikuwa valvu ya shaba, safi, inang'aa. Hakuna aliyeitazama. Zuberi alikuwa amesimama mlangoni na simu sikioni. Kulikuwa na mtu bondeni ambaye alinunua magari ya namna ile ili ayakate, auze kila kipande peke yake.

"Ndiyo, lote," Zuberi alikuwa akisema. "Hapana, siliendeshi tena. Sina mguu wa kazi hii. Njoo Jumatatu ulichukue."

Akakata simu. Hoza, aliyekuja kuazima plaizi, alibaki ameishika asiondoke.

"Usijilaumu sana, kijana wangu," Mzee Kaniki akasema. "Mguu hufundishika."

"Umenifundisha miaka miwili, Mzee."

"Si mguu."

Wote waligeuka. Walimtafuta aliyesema, kwa sababu sauti hiyo hawakuijua vizuri.

"Si mguu wake, Mzee," Mboni akasema tena. Alikuwa amekishika kitambaa cha oili kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo. "Nilikuwa naye garini. Mguu wake ni mwepesi kuliko wako."

"Haya!" Hoza akasema. "Bubu kaanza na matusi."

"Nyamaza, Hoza," Mzee Kaniki akasema. "Sema, mwanangu. Kama si mguu ni nini?"

Mboni akasogea mezani. Aliichukua valvu ya shaba, akakifuta kimpira chake kwa ovaroli, akampa Zuberi. "Fyonza hapa."

"Nini?"

"Fyonza, kama unafyonza muwa. Mlango ufunguke."

Zuberi akafyonza. Mashavu yakaingia ndani, macho yakamtoka, shingo ikasimama mishipa. Pistoni haikusogea. Akavuta tena mpaka machozi yakamtoka. Haikusogea.

Mboni akachukua bisibisi. Akairegeza skrubu mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka pale alipokuwa ameiweka siku ile yeye mwenyewe kabla ya makofi. Akamrudishia. Zuberi akafyonza kidogo tu, na pistoni ikapanda laini kama kope inayofumbuka.

Mzee Kaniki akavua kofia.

"Yule hakuwa njiwa," Mboni akasema. Sasa maneno yalikuja yenyewe, moja likilivuta jingine. "Ilikuwa hewa inarudi nyuma, inaipiga feni. Kila kona. Springi ilikuwa imekazwa mno, hewa haina pa kupitia. Kaka Zuberi asiuze. Atafute turbo nyingine hata kuukuu, nitaifunga, na valvu hii hii itakaa. Itapumua *fyuu*. Hatutaisikia sana. Lakini atapanda, hata ikiwa ni mwaka ujao."

Zuberi aliiangalia valvu, akaiangalia turbo, akajiangalia mguu. Ungefikiri amerudishiwa mguu uliokatwa. "Kumbe si mguu," akasema kwa sauti ndogo. Halafu kwa sauti kubwa: "Kumbe si mguu!" Akampigia yule mtu wa bondeni hapo hapo, akamwambia asije, si Jumatatu wala siku nyingine.

"Kosa ni langu," Mzee Kaniki akasema. "Niliamrisha ikazwe kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Na chai ya boneti nikaiacha inywewe na mpiga domo."

"Mimi tena?" Hoza akasema.

"Wewe. Na mimi." Mzee aliokota kijiti kimoja cha feni, akakigeuza kwenye mwanga. Ndipo aliposema maneno yale kwa mara ya kwanza hapa duniani, si kwa kufundisha, alikuwa anajisemea tu: "Pumzi ikikosa njia huvunja mbavu."

Hoza akayapenda. Akayarudia. Jioni ile ile alikwenda nayo sokoni, na ndiyo maana mpaka leo wengine wanasema methali ni ya Hoza. Si ya Hoza. Na kwa siku ile ilikuwa bado nusu. Aliyeisema aliisemea turbo, na waliosikia walielewa turbo.

Nusu ya pili ilikuja baada ya watu kutawanyika. Zuberi alikuwa anafunga vitu vyake kwenye gunia, anaimba. Hakuna aliyekuwa anamlaumu Mboni. Mzee amebeba kosa, Zuberi amesamehe hata kabla ya kuombwa. Mtu mwingine angevua ovaroli, akaenda nyumbani kula. Mboni alivua, akaitundika, akafika mlangoni. Ukungu ulikuwa umeanza kurudi barabarani. Alisimama akiwa amewapa mgongo Mzee na Zuberi, kwa sababu hata mtu jasiri ana kiasi chake.

"Mzee," akasema.

"Naam, mwanangu."

"Pumzi ikikosa njia huvunja mbavu."

"Ndivyo."

"Mimi nilijua. Sikujua leo, nilijua siku ile ile, bisibisi ikiwa bado mkononi. Uliniuliza kama nina neno, na nilikuwa nalo. Nikaona heri gari livunjike, na kaka Zuberi akiwa ndani yake, kuliko mimi kusema hapana mbele ya watu."

Hiyo ndiyo nusu ya pili, wanangu, ya neno lililofungiwa kifuani, na ndiyo shangazi yenu aliyompa bibi harusi.